Bei Isiyo Ubaoni Si Bei

Jumanne, 4 Machi

Nimepandisha bei ya mafuta leo. Mimi! Kwa mikono yangu miwili!

Sawa, aliyesema ni Mjomba. Kituo ni chake. Lakini nani alipanda ngazi? Nani aling'oa ile moja-nne-mbili akatundika moja-sita-nane? Mjomba ana kitambi na kizunguzungu. Akifika kidato cha pili cha ngazi anaanza kuita mama yake. Mimi niliishia kidato cha pili cha shule, yeye kidato cha pili cha ngazi, kwa hiyo tuko sawa.

Ubao wetu ni wa kizamani. Hauna taa kama wa kile kituo kikubwa ng'ambo ya mzunguko. Wetu una kulabu, na namba za plastiki zinatundikwa kama nguo kwenye kamba. Petroli juu, dizeli chini, bei moja. Namba zinakaa kwenye begi la turubai, na mwenye begi ni mimi. Mjomba ana sheria moja: bei isiyo ubaoni si bei. Mwaka jana ubao ulisema hivi, yeye akauza vile, mkaguzi akapita. Kituo kikafungwa wiki nzima. Tangu siku hiyo ubao ukisema, hata mwenye kituo anatii.

Sasa jiulize: anayetundika namba ni nani? Basi. Breki kanipa jina leo — Waziri wa Mafuta. Breki ndiye kiongozi wa vijana wa pikipiki. Anaitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina.

Chanzo cha yote ni daraja. Jumapili mto umelibeba daraja la barabara kuu, lote, kama kijiti cha kiberiti. Bohari la mafuta liko upande wa pili. Tanka sasa linazungukia milimani, njia ya mawe, na dereva anadai malipo kama anabeba maiti ya mfalme.

Breki akaniuliza: haya mafuta yaliyo tangini yalivuka daraja kabla halijaanguka, au baada? Nikasema kabla. Akasema, basi yamepandaje bei nayo yamelala? Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Halafu nikatafuta jibu, nikalikosa.

Mimi! Kukosa jibu!

Alhamisi, 6 Machi

Nyumbani vita.

Mama ana mashine ya kusaga nafaka, nyuma ya nyumba, ya dizeli. Inatetemesha ukuta mpaka picha ya marehemu baba inainama, mimi nainyoosha kila jioni. Mashine hiyo imenilisha tangu nina meno mawili. Jana dizeli ilimwishia, leo kaja kituoni na dumu lake la njano, kajifunga kanga, unga mpaka kwenye nyusi.

Mjomba ni mdogo wake. Mama kambeba mgongoni, kamfuta kamasi, kamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Kwa hiyo Mama kaweka dumu chini, akangoja.

Mjomba kaniambia, jaza. Nikajaza. Kamwambia bei — ile ya ubaoni.

Mama kangoja acheke. Hakucheka.

"Na mimi?" Mama kasema.

"Dada, ubao haujui dada."

"Ubao haujui. Wewe je?"

Mjomba kaangalia viatu vyake. Mama kalipa, noti zote, hata hakungoja chenji. Nilitamani ardhi ipasuke immeze mmoja wao, yeyote.

Tangu saa hiyo mimi ni simu. Mama: mwambie mjomba wako sitakanyaga tena kwake. Mjomba: mwambie mama yako nikimpunguzia yeye, foleni nzima itakuwa dada zangu. Mama: mwambie undugu ni kufaana. Mjomba: mwambie biashara ni kuhesabiana. Nimewaambia wote wawili salio limeisha.

Ila nikiacha utani — hapa kuna jambo. Ng'ambo ya soko kuna jamaa kafungua mashine ya umeme. Inasaga kimyakimya kama mwizi. Wateja wa Mama bado ni wa Mama kwa sababu ni jirani na unga wake ni laini. Mashine yetu ikinyamaza wiki moja tu, watajaribu ile. Wakiizoea hawarudi. Mguu wa mteja ukishajua njia mpya umeshajua.

Kwa hiyo dizeli isikosekane. Waziri kasema.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kapandisha bei ya kusaga!!

Wamama wa foleni wakamjia juu. Mmoja kamwambia, mama Waziri (jina limeshafika mpaka huku!), wewe umekuwa mnyonyaji kama yule ndugu yako. Mama kafura. Kasema, kwani mashine inakunywa maji?

Baadaye nikamwuliza kwa adabu zote: mama, huu wako ni wizi au ni uchumi?

Kasema: huu wangu ni shida. Wa mjomba wako ndio wizi.

Mkuki kwa nguruwe! Nilitoka nje nikacheke vizuri, maana ndani kulikuwa na mwiko karibu yake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya jambo kubwa. Sijaamua kama ni kubwa la sifa au kubwa la aibu. Ngoja niandike kwanza.

Jana jioni Mjomba kanidokeza: kesho asubuhi moja-tisa-tisa. Nikaona kichwani mwangu picha ya baba imesimama wima ukutani, haitetemeki. Nikasema haiwezekani. Asubuhi nikawahi, nikatoa tisa zote kwenye begi nikazitia ndani ya ovaroli, tumboni, nikafunga zipu.

"Mjomba, tisa hamna."

"Hamna vipi?"

"Zimetoweka. Labda na zenyewe zimepanda."

Kasema geuza sita. Nikamwonyesha: sita ina tundu upande mmoja tu, ukiipindua haina pa kushika kulabu. Kainua mikono, kaenda kwa fundi wa mabango kuchongesha tisa mpya. Akiondoka kasema: mpaka nirudi, uza kwa bei ya ubaoni, kwa yeyote aliye kwenye foleni.

Yeyote aliye kwenye foleni! Ndicho nilichokuwa nakitaka. Jana nilishamnong'oneza Mama: kesho njoo na dumu, usiniulize. Na Breki nikamwambia, lete vijana, lakini iwe siri.

Siri, kwa Breki! Mdomo wake na pikipiki yake ni ndugu — vyote havina breki. Habari ikafika kwa Bwana Misumari kabla jua halijapanda. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi linatazamana na geti letu. Nikifungua pampu namkuta wa kwanza kwenye foleni, na pikapu, na mapipa nyuma, ya petroli na ya dizeli, yamejipanga kama wanafunzi.

"Mheshimiwa Waziri! Jaza."

"Yote?"

"Kwani ubao unasemaje kuhusu mapipa?"

Ubao hausemi kitu kuhusu mapipa. Nikajaza. Pipa la kwanza nikidhani atatosheka. La pili nikimwangalia vibaya. La tatu nikimwomba. Yeye anapiga mluzi. Nyuma yake vijana wanapiga honi, na huko nyuma kabisa namwona Mama na dumu la njano, kaniamini, kanipungia mkono.

Vijana kadhaa walipata kidogo. Mama alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake pampu ya dizeli nayo ilipoanza kukohoa. Ikatema hewa. Ikanyamaza.

Mama kabeba dumu tupu kaondoka. Dumu tupu linapiga kelele likigonga mguu, nyie!

Mjomba karudi na tisa mpya kwapani, kakuta tangi kavu. Kaniangalia. Nikainama kuokota kifuniko, nijifanye nina kazi — zipu ikaachia. Tisa zikamwagika kwenye saruji, kwa-kwa-kwa, moja ikabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

Nikafumba macho ningoje kofi. Sikusikia kofi, nikasikia kicheko. Kacheka mpaka kakaa juu ya tairi.

"Waziri," kasema, "bei ni bawabu. Umemfukuza bawabu mlangoni, ndiyo maana kaingia mwenye mabega mapana."

Nikamjibu hapohapo: "Bawabu gani huyo anayewajua matajiri tu?"

Kicheko kikakatika. Kasema, hilo nalo... Kaingia ofisini kafunga mlango. Mjomba! Kafunga mlango kwa swali langu! Mwalimu wa hesabu aliwahi kusema kichwa changu ni tangi tupu. Aje aone tangi tupu linavyomaliza tangi.

Jioni vijana wa Bwana Misumari wakaweka meza nje ya duka. Mafuta yetu yaleyale, kwenye chupa za soda, kwa bei ambayo Mjomba hajawahi hata kuiota. Nikifika nyumbani chupa moja iko mezani.

"Hii hapa," Mama kasema, "bei yako ya huruma."

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua. Ni aibu.

Lakini kubwa! Mtu mdogo hawezi kupata aibu ya ukubwa ule.

Mashine imesaga mpaka saa nne, chupa ikaisha. Picha ya baba imesimama wima. Siipendi ikisimama hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI. Naandika kwa herufi kubwa na kalamu inatoboa karatasi.

Tanka limefika alfajiri kwa njia ya milimani, vumbi mpaka kwenye kope za dereva. Mjomba kaniambia: mbili-nne-sifuri. Safari hii sikuficha kitu. Nimepanda, nimetundika. Nilikuwa bado juu nikasikia kelele. Vijana wa pikipiki, wamama wa sokoni, wenye madumu, wote getini. Wezi! Wanyonyaji! Mtu mmoja ana jiwe mkononi, analipimapima kama anataka kulinunua.

Mjomba katoka. Sikudhani atatoka. Kapanda juu ya kreti la soda — kwa kizunguzungu chake, hapo ndipo mwisho wa kupanda — kawaambia: jamani, nisikilizeni, halafu mnipige.

Kasema hivi, nakumbuka vizuri: mafuta ya Jumanne iliyopita niliyanunua rahisi, kweli. Lakini nikiyauza rahisi, pesa ninayopata hainunui tangi lingine, inanunua nusu tangi. Kisha robo. Kisha mnakuja mnanikuta nimekaa hapa nauza upepo. Mimi siuzi mafuta ya jana, nauza nafasi ya kununua ya kesho. Bei yangu ni bei ya kesho!

Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Breki kamkuna kichwa jirani yake. Na mimi huko juu ya ngazi, jibu la lile swali lake la Jumanne ndilo hilo, hatimaye nimelipata. Na palepale — sijui lilitoka wapi, Mungu anawapenda walioacha shule — nikaona mgongo wa jibu hilo.

Nikapaza sauti: "Mjomba! Na ikishuka?"

Kaniangalia. Wote wakaniangalia. Raha iliyoje kuangaliwa kutoka chini!

"Ikishuka nini?"

"Bei ya kesho. Ukipanda nayo hata kama tangi ni la bei rahisi, siku ikishuka utashuka nayo hata kama tangi ni la bei ghali? Au kesho yako ina njia ya kupanda tu?"

Loo! Getini pakalipuka. Jibu! Jibu! Mjomba kajifuta uso kwa kiganja. Jasho. Kisha kasema kwa sauti ya mtu anayetoa binti kwa mkwe asiyemtaka: "Nitashusha. Siku hiyohiyo."

"Hata tangi likijaa?" — Breki huyo.

"Hata likijaa mpaka shingoni! Siku bei ya bohari ikishuka, ubao wangu unashuka siku hiyohiyo. Nyote mashahidi."

Ahadi ni deni. Lile jiwe mwenyewe kalitia mfukoni, kapanga foleni.

Jumatano, 12 Machi

Nimebadilisha kituo. Mjomba anasema ni wazo lake, nimemwachia, ana umri mkubwa.

Wazo ni hili: bei ni bawabu, sawa, lakini anasalimiana na matajiri. Basi tuweke bawabu wa pili. Mtu mmoja, dumu moja, kwa siku. Pikipiki ni tangi moja. Mapipa — kwaheri. Ukishajaza, napaka kifuniko rangi nyekundu ya mlango wa choo, na rangi hiyo inashika vidole, haikauki mpaka kesho yake, kwa hiyo ukirudi na dumu jingine naangalia vidole.

Bawabu wa pili ni mimi.

Bwana Misumari hakukata tamaa. Alituma wapwa. Kijana wa kwanza, dumu. Wa pili, dumu. Wa tatu alipofika nikamwangalia masikio — masikio yaleyale ya mjomba wao, yamesimama kama milango ya teksi iliyoachwa wazi. Nikauliza foleni: huyu ni wa nani? Foleni ikajibu kwa pamoja, wa Misumari! Yule kijana kakimbia kaacha dumu. Nimelitwaa. Nafulia ovaroli humo.

Meza ya chupa imeondolewa. Nani atanunua chupa huku dumu lipo? Jioni Bwana Misumari kaja mwenyewe, kalainika, kamwuliza Mjomba kama angependa kununua mafuta kidogo aliyonayo dukani, yanamtia hofu ya moto. Mjomba kamwambia, mimi nina bawabu, mwulize yeye. Nikamwambia, ubao hausemi kitu kuhusu mapipa.

Nilisubiri siku nne kusema hivyo!

Mama kapata dumu lake. Kwa bei ya ubaoni, kwenye foleni, kama kila mtu. Kapita mbele ya dirisha la ofisi shingo imekaza. Mjomba ndani kajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Watu wazima wawili!

Mashine inasaga nusu siku. Picha imeinama kidogo. Nimeinyoosha kwa furaha.

Jumamosi, 15 Machi

Wanajeshi wanaunganisha daraja la chuma mtoni. Wengine wanasema wiki, wengine mwezi, dereva wa tanka anasema mpaka yeye azae.

Vijana wa pikipiki wameacha kusalimiana kawaida. Sasa wakipita getini wanapaza sauti, Mjomba, siku hiyohiyo! na yeye lazima ajibu, siku hiyohiyo! Mwanzoni alijibu kwa kifua. Sasa anajibu akifunga vitabu.

Redioni kaja mtaalamu. Kasema hakuna cha unyonyaji, kuna ugavi na mahitaji, wananchi wapunguze matumizi. Mama kaongeza sauti kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza: huyo anasaga wapi?

Wateja wawili wa Mama wamekwenda kwenye umeme. Mmoja karudi, kasema ule unga unanuka upweke. Mwingine hajarudi. Mama kasema si kitu. Kasema mara tatu.

Jumanne, 18 Machi

Mjomba kafanya kitu cha kiume au cha kijinga. Dereva kamwambia daraja bado sana, mwezi mzima. Basi kakusanya kila alichonacho, kanunua tanka kubwa zima kwa bei ya milimani. Tangi limejaa mpaka shingoni. Nilitumbukiza kijiti cha kupimia kikatoka kimelowa chote mpaka nikajilowesha mkono.

Mjomba kapiga makofi. Sasa hata mto upande kitandani kwangu, kasema, nina mafuta.

Nikakumbuka maneno ya Jumatatu ile. Mpaka shingoni. Kwa mara ya kwanza maishani sikusema kitu.

Jumatano, 19 Machi

Daraja linafunguliwa kesho asubuhi!! Redio, Breki, wamama, kila mtu. Dereva ni mwongo au ni kipofu.

Mjomba hakula chakula cha mchana. Kanipa mimi sahani yake. Nimekula, lakini kwa huzuni.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika haya nikiwa juu ya ngazi. Sidanganyi. Daftari liko gotini, mguu mmoja nimeupitisha kati ya vidato nisidondoke. Wamekataa nishuke.

Nianze mwanzo, muda upo.

Asubuhi malori yamevuka. Bohari limetangaza bei mpya ya vituoni: moja-tano-sifuri, karibu ileile ya zamani. Kituo kikubwa ng'ambo ya mzunguko taa zao bado zinasema mbili-nne-sifuri. Wanasema wanasubiri makao makuu. Makao makuu yana usingizi bei ikishuka, ikipanda yako macho.

Mjomba kaniita ofisini. Macho mekundu. Begi la namba kaliweka chini ya kiti chake.

"Waziri. Haya mafuta nimeyanunua ghali. Unajua."

"Najua. Nilipima."

"Nikishusha leo, kila lita ninayouza inanikata nyama."

"Na lile tangi la kwanza, Mjomba? La kabla ya daraja. Lile lilikuongeza nyama."

Kaniangalia muda mrefu. Sikupepesa. Kwa kweli niliogopa, lakini jicho moja tu.

"Breki aliniuliza," nikasema, "mafuta yaliyolala yanapandaje bei. Ukatujibu, ni bei ya kesho. Nilikuelewa, na nikakutetea mpaka kwa Mama. Sasa kama yaliyolala yanaweza kupanda na hayawezi kushuka, basi Breki ndiye aliyekuwa na akili, na Mama ndiye aliyekuwa na haki, na mimi na wewe ni wanyonyaji wawili, mmoja mnene."

Kisha kauliza, lakini si kwa hasira: "Hivi wewe uliishia kidato cha ngapi?"

"Cha pili. Kama wewe."

Nilidhani atacheka. Midomo ilitikisika kidogo. Kaniambia nenda kapanguse vumbi ubaoni, niache nifikiri.

Nikapanda na kitambaa. Kosa! Breki na wenzake wakaona Waziri yuko ubaoni, wakadhani ndiyo saa yenyewe. Pikipiki zikajaa. Wamama wa soko wakaja na madumu. Bwana Misumari kaja kuangalia mtu akianguka, kaleta na kiti. Siku hiyohiyo! Siku hiyohiyo! Nikasema begi ninalo? Sina begi! Bila begi mimi ni mtu tu aliye juu ya kitu. Hawakusikia. Breki kashika ngazi: Mheshimiwa, hushuki mpaka ishuke.

Basi nimekaa. Huku juu pazuri, nakiri. Naona paa la duka la Misumari lina kutu. Naona foleni imepinda mpaka sokoni. Watu wote hawa kwa sababu ya swali nililouliza mimi, nikiwa papa hapa, siku kumi zilizopita! Kuna watu wamesoma miaka ishirini hawajawahi kusimamisha barabara.

Lakini namwona Mjomba pia, kupitia dirishani. Kainama mbele, viwiko magotini. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa juu. Kichwani kati ana upara mdogo, wa mviringo, kama sahani ya kikombe. Hilo linaniharibia ushindi wangu kidogo. Kidogo tu.

Ngoja.

Mama anakuja.

Yuko katikati ya soko, anakuja mbio-mbio, unga mpaka kwenye nyusi. Saa hizi ni saa za kusaga! Kaacha mashine! Watu wanampisha, mama Waziri, mama Waziri. Na hana dumu. Mikono mitupu.

Kafika. Breki kamwambia, mama, leo utapata haki yako. Mama kamwambia: funga mdomo, mwacheni ndugu yangu afikiri. Hata pikipiki zimezimwa, isipokuwa ya Breki, haizimiki.

Kasimama dirishani. Namsikia vizuri.

"Mdogo wangu. Sikuja kununua."

Hakuna jibu.

"Hesabu kwa vifuniko, kama zamani. Mimi nipo."

Naona upara tu. Halafu mkono unashuka chini ya kiti. Unapapasa.

Mlango umefunguka.

Katoka na begi. Jua limempiga usoni, anakunja macho. Haangalii foleni, haangalii taa za ng'ambo. Kampa Mama begi, hivi, bila neno. Sasa anakuja huku. Kamsukuma Breki pembeni kwa bega.

"Toka. Huyu ni mtoto wa dada yangu." Kashika ngazi mwenyewe, mikono yote miwili. Ngazi imetulia kama ukuta. Na kaweka mguu — kidato cha kwanza. Cha pili! Anatetemeka mpaka nasikia kwenye makalio yangu. "Waziri," anasema, macho kayafumba, "ng'oa."

Chini Mama kapiga goti, kafungua begi, vidole vyeupe vya unga vinapekua namba. Kapata moja. Anaifuta kwa kanga. Anamnyooshea Mjomba, aipokee anipe, na kanga bado kaishika, na anamwambia kitu ambacho siwezi kukisikia kwa sababu ya pikipiki ya huyu mshenzi Breki, lakini Mjomba kafumbua macho —

Kalamu naiweka mdomoni. Nahitaji mikono yote miwili.